Kuuwasha Upya Moto wa Malungu: Ubora Unaotofautiana wa Maigizo ya Uyeyushaji Chuma katika Ufipa

Katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, bado yapo matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa huyaita malungu. Baadhi yamebomoka na kubaki vifusi vilivyozungukwa na mavi ya chuma. Mengine yamesimama hadi leo, yakimzidi mtu mzima kwa kimo karibu mara mbili. Moto wake wa kazi ulizimika katikati ya karne ya 20, pale majembe ya kiwandani yalipokwisha kushika soko na vijana wakawa hawana tena sababu ya kujifunza kazi ngumu iliyofungamana na miiko mingi. Tangu hapo mtafiti anayetaka kujua jinsi chuma kilivyopatikana Ufipa amekuwa na njia tatu: kuchimba mabaki, kuwasikiliza wazee, au kuwaomba wazee hao waiwashe upya kazi yenyewe mbele ya daftari na kamera.

Insha hii inahusu njia ya tatu. Uyeyushaji wa kuigiza umetumika Afrika Mashariki na Kusini kwa zaidi ya nusu karne, na matokeo yake yamenukuliwa katika vitabu vya historia kana kwamba yana uzito mmoja. Sivyo. Yapo maigizo yaliyorejesha kazi ya kale kwa uaminifu wa kushangaza, na yapo yaliyotoa moshi mwingi na picha nzuri huku kiini cha kazi kikiachwa nje. Msomaji asipopewa namna ya kuyapambanua, atajikuta akiandika historia ya wahunzi wa karne ya 19 kwa kutumia ushahidi wa siku chache za maonyesho.

Kazi yenyewe ilivyokuwa

Haiwezekani kupima ubora wa nakala bila kuijua kazi asilia. Ilungu ni tanuri la udongo lenye umbo la pia iliyokatwa ncha, lenye kimo cha mita tatu hivi, pana chini na jembamba juu. Mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa kichuguu ulifaa kwa ujenzi. Chini, kuzunguka kitako chake, yaliachwa matundu kadhaa ambamo ilipachikwa mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Kwa juu tanuri lilishindiliwa makaa na mbale ya chuma.

Jambo linalolitofautisha ilungu na matanuri mengi ya Afrika ni kwamba halikuvukutwa. Kimo chake ndicho kilichofanya kazi ya mivuo. Hewa iliyopashwa moto ndani ilipanda na kutokea juu, na kwa kupanda huko ikavuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, kama dohani inavyofanya. Makaa yanayoungua kwa hewa chache hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo huinyang'anya mbale oksijeni yake. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la namna hii halikuhitaji kulifikia. Kilichoyeyuka ni uchafu, yaani mavi ya chuma, nacho chuma kikajikusanya kikiwa bado kigumu katika mabonge yaliyochanganyika na takataka. Mbinu hiyo hula makaa mengi na huenda polepole, lakini huwaokoa watu na kazi ya kuvukuta usiku na mchana.

Mabonge hayo hayakuwa bado chuma cha kufulia jembe. Yalivunjwavunjwa, kisha yakapelekwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo lilivukutwa kwa mivuo, ili yasafishwe. Baada ya hapo ndipo chuma kilipofika mikononi mwa mfuaji. Kwa hiyo kazi ilikuwa na hatua tatu: ilungu, kintengwe na fuawe. Jembe lililopatikana mwishoni lililima, lilibadilishwa kwa bidhaa na lilitolewa mahari. Hatua hizi tatu zinafaa kukumbukwa kwa sababu igizo linaloishia kwenye ilungu limeonyesha theluthi moja tu ya kazi, hata kama ndiyo theluthi inayopendeza zaidi kupigwa picha.

Malungu pia si teknolojia pekee ya Ufipa. Bertram Mapunda, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995 ya Chuo Kikuu cha Florida na katika maandishi yaliyofuata, alibainisha teknolojia tatu: katukutu, malungu na ile ya Barongo. Ilungu limepata umaarufu kwa sababu linaonekana. Limesimama wima porini na kila mpita njia huliuliza. Umaarufu huo tayari ni upotoshaji wa kwanza. Anayetamka “uhunzi wa Wafipa” huwa anafikiria malungu peke yake, na hata maombi ya kuigiza huelekezwa huko.

Kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya moto kuzimika

Ufipa una bahati ambayo sehemu nyingi hazina: mashahidi waliandika wakati kazi ingali hai au ilipokuwa inakata roho. Wyckaert, mmisionari wa shirika la White Fathers, alichapisha mwaka 1914 katika jarida la Anthropos makala kuhusu wahunzi wa eneo la Tanganyika. Kichwa cha makala hiyo kinawatenga wahunzi wa dini ya jadi na wahunzi Wakristo. Utengano huo unastahili kutafakariwa na kila mtafiti wa maigizo. Unamaanisha kwamba mapema mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa tayari na namna mbili za kulitazama tanuri moja, na kwamba swali la iwapo chuma hutoka bila matambiko halikuzuliwa na wanasayansi wa baadaye. Liliulizwa kando ya malungu yenyewe, kati ya ndugu waliobatizwa na wasiobatizwa.

Greig alifuata mwaka 1937 kwa makala fupi katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kisha, mwaka 1958, Wise alichapisha makala mbili katika jarida hilohilo. Ya kwanza ilihusu uyeyushaji wa chuma Ufipa. Ya pili, iliyotoka katika toleo lililofuata, ilihusu baadhi ya matambiko ya kazi hiyo. Mgawanyo huo unaweza kuwa ulitokana na sababu za kawaida tu za uhariri, kama vile nafasi katika jarida. Hata hivyo athari yake imekuwa kubwa. Msomaji wa metali huisoma makala ya kwanza, msomaji wa mila huisoma ya pili, na kazi ambayo kwa fundi ilikuwa moja ikawekwa katika majalada mawili ya rafu. Wengi walioigiza baadaye walirithi mgawanyo huo bila kuushuku.

Wembah-Rashid aliandika kuhusu wahunzi wa Ufipa mwaka 1969, katika taarifa ya kamati ya kimataifa iliyoshughulikia utafiti wa haraka wa kianthropolojia. Neno “haraka” katika jina la kamati lilisema kweli. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliuingiza uhunzi katika historia pana ya dola za Wafipa katika kitabu chake cha 1981. Randi Barndon wa Norway aliwalinganisha Wafipa na Wapangwa, akaeleza tanuri linavyofikiriwa kama bibi harusi na kisha kama mwanamke mwenye uwezo wa kuzaa; sura yake kuhusu Wafipa ilitoka mwaka 1996 na kitabu kamili mwaka 2004.

Hesabu ndogo ya umri inatosha kuonyesha ugumu uliopo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Greig alipoandika, alikuwa na miaka 73 mwaka 1990. Kijana wa miaka 20 hakuwa fundi mkuu. Alikuwa mbeba makaa, mpanga matofali ya udongo, mtumwaji wa maji. Alifahamu kazi kama msaidizi aifahamuvyo: alijua kila kilichofanyika nje ya tanuri na alijua machache kuhusu kilichowekwa ndani ya shimo lake usiku, kwa kuwa kapu la dawa lilikuwa la fundi mkuu peke yake. Hivyo, maigizo yote yaliyofanyika mwishoni mwa karne ya 20, yawe Ufipa au kwingineko, yaliegemea zaidi kumbukumbu za waliokuwa wasaidizi. Hili si kosa la wazee. Ni mpaka wa ushahidi, na maandishi mengi huupita kimya.

Kagera na Malawi

Igizo lililojulikana kuliko yote Tanzania halikufanyika Ufipa bali Kagera. Mwaka 1976 Peter Schmidt, akishirikiana na mhandisi Donald Avery, alifanya kazi na wazee wa Kihaya waliokubali kujenga tanuri na kuyeyusha chuma. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978, na filamu iitwayo The Tree of Iron ikatoka mwaka 1988. Waandishi walidai kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba teknolojia hiyo ilikuwa ya hali ya juu na ya kale. Dai hilo lilipokelewa kwa furaha na wengi, kwa sababu zinazoeleweka. Kwa muda mrefu Afrika ilikuwa imeandikwa kama bara lisilovumbua kitu.

Wapinzani walijitokeza. David Killick, mtaalamu wa metali za kale, aliandika mwaka 1996 akihoji madai ya ubora wa kipekee wa teknolojia za chuma za Afrika kabla ya ukoloni. Sura yake ilichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Schmidt mwenyewe, kilekile kilichobeba sura ya Barndon kuhusu Wafipa; ni uungwana wa kitaaluma ambao haupatikani kila siku. Kiini cha ubishi kwa upande wa insha hii si fizikia ya hewa ya moto. Kiini ni kwamba igizo moja lilibebeshwa mzigo wa miaka elfu mbili. Lililopimwa mwaka 1976 lilikuwa tanuri la mwaka 1976, lililojengwa na wazee wa mwaka huo. Kulifanya lishuhudie mambo ya zama za kale kunahitaji daraja la ushahidi wa kiakiolojia. Schmidt aliyachimba mabaki hayo na kuujenga ushahidi huo. Wengi waliomnukuu hawakujisumbua kulivuka daraja, waliruka tu.

Malawi iko karibu zaidi na Ufipa kiteknolojia, kwani huko nako yalitumika matanuri marefu yanayojivutia hewa. Nikolaas van der Merwe na Avery walishirikiana na wayeyushaji wa Phoka na wa Chulu, Kasungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakachapisha makala yao mwaka 1987 katika jarida la Africa. Kichwa cha makala kiliweka sayansi na uganga pamoja. Ubora wa kazi hiyo, ikilinganishwa na nyingi, umo katika kukubali kwamba dawa zilizowekwa tanurini ni data, na kwamba mtafiti haruhusiwi kuzifuta kwenye orodha ya viambato kwa sababu tu hazibadilishi kemia.

Miiko kama ukungu

Mfano kutoka uwanja ulio mbali unaweza kusaidia hapa. Katika miaka ya karibuni kampuni za michezo ya video zimekuwa zikiitoa upya michezo ya zamani kwa picha zilizong'arishwa, na ubora wa matoleo hayo umetofautiana sana. Mwaka 2012 ulitolewa upya mkusanyo wa Silent Hill. Msimbo wa mwisho wa programu za asili haukuwa umehifadhiwa, na waundaji wakalazimika kutumia msimbo ambao haukukamilika. Katika mchezo wa pili, uliotoka kwanza mwaka 2001, mji mzima ulikuwa umefunikwa na ukungu. Ukungu huo uliificha mipaka ya uwezo wa mashine za wakati ule, lakini pia ndio uliobeba hofu yote ya hadithi. Katika toleo jipya ukungu ulipungua, na mchezaji akaona kingo za ulimwengu zilipoishia. Mwaka 2021 michezo mitatu ya Grand Theft Auto ilitolewa upya ikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba kampuni iliomba radhi na kuyarejesha sokoni matoleo ya zamani ya kompyuta. Kinyume chake, Shadow of the Colossus ya mwaka 2005 ilijengwa upya mwaka 2018 na studio nyingine kabisa, na ikasifiwa, kwa kuwa waliojenga upya waliuliza kwanza kila kitu kilikuwa hapo kwa kazi gani.

Miiko ya ilungu ni ukungu wa namna hiyo. Wayeyushaji walikaa kambini mbali na kijiji na kujiepusha na ngono. Wanawake walizuiwa kukaribia. Tanuri jipya lilishangiliwa kama bibi harusi. Mtafiti mwenye haraka huona mambo haya kama pazia lililofunika kazi halisi, naye akidhani anaisafisha kazi, hulivuta pazia kando. Lakini kambi ya mbali ndiyo iliyohakikisha kwamba watu hawaondoki katikati ya zamu wakati tanuri linahitaji kulishwa. Mwiko wa ngono uliwatenga wayeyushaji na shughuli za nyumbani kwa siku zote za kazi. Nyimbo zilipanga mwendo wa mikono ya watu wengi. Tena miiko iligawa lawama: chuma kisipotoka, ilijulikana pa kuanza kuuliza. Haya hayaimalizi maana ya miiko kwa waliokuwa wakiishika, na si haki kuigeuza yote kuwa kanuni za usimamizi wa kazi. Yanaonyesha tu kwamba igizo lililoondoa kambi, likawaruhusu watazamaji wa kila aina, na likalipa posho kwa siku, limebadilisha pia mpangilio wa kazi, kwa hiyo limebadilisha hata kiasi cha makaa kinachotumika na muda wa moto kuwaka.

Suala la wanawake lina uzito wa pekee. Mwiko uliowatenga umeandikwa tena na tena, na mtafiti mashuhuri zaidi wa ishara za tanuri la Kifipa ni mwanamke. Hakuna igizo linaloweza kuwa “safi” katika hali hiyo. Linaweza tu kuwa kweli kuhusu hali yake. Taarifa inayosema wazi nani alikuwepo, wazee walijadiliana nini kuhusu kuwepo kwake, na mwiko gani ulilegezwa ili kazi iendelee, ina thamani kubwa kuliko taarifa inayojifanya kwamba siku ile ilikuwa siku ya mwaka 1890. Majadiliano ya kulegeza mwiko yenyewe ni historia, tena historia ambayo Wyckaert aliigusa mwaka 1914 alipowaweka wahunzi wa dini mbili katika kichwa kimoja.

Kushindwa nako kunastahili kuandikwa. Tanuri linalojivutia hewa ni jepesi kukosea: likivuta kupita kiasi hula makaa bure, likivuta kidogo halifikii joto, na mbale yenye uchafu mwingi huacha donge lisilofaa. Fundi wa zamani alikuwa na majira mengi ya kiangazi ya kujifunza makosa yake. Igizo hupewa wiki moja au mbili. Donge dogo na chafu linalotoka katika igizo haliwezi kuthibitisha kwamba wahunzi wa Ufipa walikuwa dhaifu, kama vile donge zuri lisivyothibitisha kwamba kila ilungu lililowahi kuwashwa lilifanikiwa. Taarifa zilizo bora ni zile zilizopima uzito wa mbale, wa makaa na wa donge, zikaendelea hadi kintengwe na fuawe, na kuandika kilichopotea katika kila hatua. Kwa kigezo hicho pekee, sehemu kubwa ya maonyesho yanayofanywa kwa ajili ya filamu hukwama kwenye hatua ya kwanza.

Tanuri jipya kando ya la zamani

Kuna jambo la kivitendo ambalo wanahistoria hulisahau. Kila igizo huacha tanuri. Udongo wa kichuguu uliochomwa hudumu, mavi ya chuma hudumu zaidi, na mirija iliyovunjika hutapakaa. Baada ya mvua kadhaa za masika, ilungu la kuigiza huanza kufanana na la babu. Mwanafunzi wa akiolojia atakayepita Nkansi au Sumbawanga baada ya miaka hamsini atakuta vifusi viwili vilivyo karibu, na asipoachiwa alama yoyote atavihesabu vyote katika ramani yake. Tayari wiani wa malungu katika eneo fulani hutumika kukadiria ukubwa wa uzalishaji na idadi ya watu waliotegemea kazi hiyo.

Sheria nayo haisaidii sana kuyatofautisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanahitaji kutangazwa na Waziri ili yapate ulinzi. Ilungu lililojengwa na kuwashwa mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka ambayo Wyckaert aliandika, lina umri wa zaidi ya karne moja na lina ushahidi wa maandishi, lakini limeangukia upande wa pili wa mstari huo. Mkulima anayelibomoa ili apanue shamba la mahindi hana sababu ya kujua kwamba amepoteza kitu, na tanuri lililojengwa kwa ajili ya kamera katika kijiji jirani liko mbele ya sheria katika daraja lilelile. Ili yatofautiane, tangazo lingehitajika kwa kila ilungu kwa jina la mahali pake, na kwanza orodha ya malungu yenyewe, ikiwa na mwaka ambao kila moja liliwashwa kwa mara ya mwisho na aliyeliwasha.